Mji kasoro bahari, ukumbi kasoro sakafu

Watu wa Morogoro tumezoea kutaniwa kwamba mji wetu ni mji kasoro bahari. Sawa, bahari hatuna. Milima ya Uluguru tunayo, na wanaotutania kutoka Dar es Salaam wanakunywa maji ya Mto Ruvu, yaliyoanzia huku huku milimani kwetu. Kasoro inayoniuma mimi iko chini ya nyayo za wachezaji. Tuna chuo kikuu cha SUA mjini, cha Mzumbe jirani, shule za bweni kila upande, na mashindano ya SHIMIWI yameshatua hapa na watumishi wake wenye vitambi na wasio navyo. Hata hivyo kikapu, wavu na pete vinachezwa zaidi nje, kwenye jua la Januari na tope la Aprili.

Siku kamati itakapokaa kujenga ukumbi wa michezo, au kulikarabati bwalo ligeuke ukumbi, najua mjadala utaanzia wapi: rangi ya viti na jina la mgeni rasmi. Naomba uanzie sakafuni. Tuhesabu kurudi nyuma, kumi hadi moja, na mwenyekiti wa kamati asikasirike nikimtania njiani.

10. Marumaru zinazong'aa

Mwenyekiti ametoka hotelini, ameona marumaru, amezipenda. Anataka zilezile. Mheshimiwa, pale hotelini watu wanatembea na vikombe vya chai. Huku mtoto wa miaka 16 atakimbia kwa kasi yake yote, aruke, kisha atue juu ya tone la jasho la mwenzake. Marumaru haina huruma na goti, na ikipasuka inaacha makali. Iwekwe msalani na mapokezi, huko inaiweza kazi.

9. Sakafu ya kioo

Usicheke, ipo. Julai 2023, mjini Madrid, Kombe la Dunia la FIBA la wasichana wa chini ya miaka 19 lilichezwa juu ya sakafu ya kioo yenye taa ndani yake. Mistari inawashwa na kuzimwa, na kiwanja cha kikapu kinageuzwa kuwa cha mchezo mwingine bila tone la rangi. Ni ufundi wa kupendeza kweli. Ila umeme ukikatika, mwamuzi atautafuta mstari wa pointi tatu, ule wa mita 6.75, kwa tochi ya simu. Tupite.

8. Zege tupu na rangi nyekundu

Hili ndilo chaguo la wengi, na silidharau, maana limelea vizazi vya wachezaji wetu. Zege ni la bei nafuu, halichoki, na fundi wake yupo kila mtaa. Shida yake ni moja, nayo ni kubwa: halinyonyi kishindo hata kidogo. Kipimo cha Ulaya cha sakafu za michezo ya ndani, EN 14904, kinataka sakafu inyonye kati ya asilimia 25 na 75 ya kishindo cha mguu unaotua, huku mpira ukidunda angalau asilimia 90 ya unavyodunda juu ya zege. Yaani zege ndilo sifuri wanayoanzia kupimia wengine.

Kwa mpira, zege ni sahihi kabisa. Kwa goti la binti anayeruka mara mia kwa jioni moja kwenye mazoezi ya wavu, ni deni litakalodaiwa akiwa na miaka 30. Kama fedha ndiyo hiyo tu, lijengeni zege, lakini lijengeni kwa usawa na ukavu unaoruhusu kutandika kitu juu yake baadaye. Zege zuri ni msingi wa kila sakafu inayofuata katika hesabu hii.

7. Plastiki ya kutandika

Kuna mapacha wawili hapa. Wa kwanza ni vigae vya plastiki vya kubana kimoja na kingine, vinavyowekwa hata na wanafunzi wenyewe wikendi moja. Vinafaa sana nje, ndani vinapiga kelele. Wa pili ni vinili, inayokuja kwa marobota, ikiwa na sponji mgongoni, ikagundishwa chini na maungio yake yakachomelewa. Mpira wa wavu umeichezea kwenye Olimpiki tangu Montreal 1976, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba plastiki ni ya maskini.

Kwa ukumbi wa shule au wa halmashauri, vinili ndiyo ningeipigia kura mbele ya mbao, kwa sababu inasamehe mambo mengi. Isichosamehe ni zege bovu chini yake. Mafundi wa sakafu hizi hutaka mabonde yasizidi milimita 3 chini ya rula ya mita 3. Fundi akikwambia "gundi itaziba", mshukuru, mpe soda, tafuta mwingine.

6. Mbao, na hapa mkoa wetu una la kusema

Ukimwuliza mchezaji wa kikapu anaota nini, ataota mbao. FIBA nayo, kabla ya kile kioo cha Madrid, kwa miaka mingi ilitaka mbao kwa mashindano yake ya juu kabisa. Wamarekani hutumia mepo, mti mgumu wa nchi za baridi, na kila fundi wa mbao Morogoro atauliza swali la haki: kwa nini niagize mti wa mbali wakati mkoa wangu una mitiki? Mvomero kuna shamba la mitiki la Mtibwa. Bonde la Kilombero lina mashamba ya Kilombero Valley Teak Company. Mtiki unajibana na kutanuka kidogo kuliko miti mingi, na mchwa hawaupendi, jambo ambalo hapa kwetu si dogo. Mninga nao ni mgumu na mzuri, ila unatoka misitu ya asili ambako umekatwa sana. Binafsi sitaki kuuona mninga umelazwa chini ukikanyagwa na viatu wakati mitiki inapandwa na kuvunwa.

Mtiki una vituko vyake. Una mafuta ndani ya nyama yake, na vanishi ikipakwa bila kuufuta kwanza kwa spiriti au tina itabanduka ngozi kwa ngozi. Ni laini kuliko mepo, kwa hiyo utaumia mapema chini ya nguzo za goli zinazoburutwa. Basi zisiburutwe.

Tena mbao lazima ziwe kavu kwelikweli, zikaushwe kwenye tanuri, kisha zikae ndani ya ukumbi wenyewe zikizoea hewa ya humo kabla ya msumari wa kwanza. Hili wengi hulidharau. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, kule Kinole, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali mjini, upande wa pili wa mlima, mvua haifiki milimita 1,000. Ubao uliokaushwa mjini mwezi wa Septemba ukapigiliwa Kinole mwezi wa Aprili utavimba, na hauvimbi peke yake. Chukua mbao za sentimita 6, zipange 250 upande kwa upande mpaka zijaze mita 15. Kila moja ikivimba robo milimita tu, sakafu nzima inatafuta nafasi ya sentimita 6 na ziada. Isipoipata ukutani, itaipata juu: itainuka katikati ya kiwanja na kutengeneza kilima, na sisi vilima tunavyo vya kutosha. Ndiyo maana huachwa mwanya wa sentimita 5 hivi kuzunguka kuta zote, ukafunikwa na ubao wa pembeni unaopitisha hewa.

Na asiyepata mbao ndefu asikate tamaa. Sakafu maarufu ya timu ya Boston Celtics ilitengenezwa mwaka 1946 kwa vipande vifupi vya mwaloni, kwa kuwa mbao zilikuwa adimu baada ya vita. Ikachezewa ubingwa juu ya ubingwa.

5. Maji: ya juu, ya chini, na ya fundi mwenye haraka

Adui wa sakafu Morogoro ni maji, na yana milango mitatu. Wa kwanza ni paa. Kamati inayotenga fedha za mbao kabla ya kubadilisha mabati yenye kutu inanunua mbao za kuogeshea. Wa pili ni ardhi, hasa kwa majengo yaliyochimbiwa kwenye kiuno cha mlima: maji ya masika hushuka, hukutana na ukuta wa nyuma, kisha huingia chini kimyakimya. Mtaro wa kuyazungusha maji unajengwa kabla ya ukumbi, na nailoni nzito hutandikwa chini ya zege bila tundu.

Mlango wa tatu ni zege lenyewe. Likionekana kavu juu, tumboni bado linatoa maji kwa miezi. Njia ya kulipima haihitaji mtaalamu. Kata kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kila upande, kibandike juu ya zege kwa tepu pande zote nne pasipo upenyo, kiache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi, sakafu haijawa tayari, hata kama mgeni rasmi ameshathibitisha tarehe. Rudia sehemu kadhaa, hasa pembeni kwenye ukuta unaotazama mlima. Mgeni rasmi hualikwa tena, gundi iliyobanduka hairudi.

4. Mistari, chanzo cha ugomvi

Sasa tumefika panapogombanisha makocha. Mistari ya michezo minne juu ya sakafu moja inawezekana, ila inahitaji mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho na futi ndefu.

Kwanza vipimo, maana nimesikia kila namna. Kikapu ni mita 28 kwa 15. Wavu ni 18 kwa 9. Vinyoya ni 13.40 kwa 6.10. Mpira wa mikono ni 40 kwa 20. Mistari mingi ni ya sentimita 5, ya vinyoya ni 4. Ukishachora mstatili, pima kona kwa kona. Kikapu kikiwa na skweya, kila mshazari utasoma mita 31.76; wavu utasoma 20.12. Mishazari miwili ikitofautiana, una msambamba, na hakuna mchezo wa msambamba.

Duara usilichore kwa kamba. Katani ni fahari ya mkoa huu, lakini kamba yake hubadilika urefu ikipata unyevu, na huwezi kujua utapata mita 6.75 au 6.70. Tumia waya mwembamba au ubao mrefu wenye ncha. Na fundi wa mistari aambiwe kwamba kikapu kilibadilika mwaka 2010: mstari wa pointi tatu ulitoka mita 6.25 ukaenda 6.75, na lile umbo la pembetatu iliyokatwa kichwa chini ya goli likawa mstatili wa mita 4.9 kwa 5.8. Bado vipo viwanja vinavyopakwa rangi mpya juu ya sheria ya zamani. Mtoto anafunga pointi tatu nyumbani, akienda mashindanoni anahesabiwa mbili, analia.

Rangi zichaguliwe kwa kufuata nani anautumia ukumbi sana. Mchezo mkuu upewe nyeupe isiyokatika, mingine ipewe rangi zinazotofautiana kwa mwanga na giza, kwa sababu wapo wachezaji wasiotofautisha nyekundu na kijani na hawajawahi kumwambia kocha. Juu ya mbao, mpangilio ni huu: msasa, vanishi ya kuziba, mistari, kisha vanishi ya mwisho juu ya mistari. Atakayepaka mistari juu ya kila kitu ataipaka tena Desemba. Tepu ya karatasi ibanwe kwa kidole urefu wake wote, na ing'olewe rangi ikiwa bado haijakauka sana.

Kisha mfundisheni refa, kwa sababu mstari wenyewe una tabia kulingana na mchezo. Kwenye kikapu ukiukanyaga mstari wa pembeni umetoka. Kwenye wavu mpira ukiugusa ni wa ndani. Kwenye mpira wa mikono mstari wa mita 6 ni wa kipa, ukiukanyaga umeingia kwake bila hodi. Mstari uleule wa sentimita 5, hukumu tatu. Refa aliyetoka kwenye wavu saa nane akachezesha kikapu saa tisa apewe maji kwanza.

3. Bibi harusi

Namheshimu sana, na najua ndiye anayelipa bili ya umeme. Ukumbi wowote Morogoro wenye paa na vyoo utakodishwa kwa harusi, kicheni pati, mahafali na mkutano wa uchaguzi. Asiyepanga hilo anajidanganya. Kwa hiyo swali ni namna ya kumpokea bibi harusi, kumfukuza hatutaki.

Tuanze na mchuchumio. Dada wa kilo 60 anapoegemea kisigino kimoja chenye eneo la sentimita moja ya mraba, hapo sakafu inabeba mgandamizo mkubwa kuliko wa nyayo ya tembo wa Mikumi, kwa sababu tembo uzito wake umetawanyika kwenye nyayo nne pana. Sasa weka madada 200, weka muziki, weka saa nne za usiku. Mbao zitaamka na vishimo kila mahali, na vinili itakuwa na makovu ya mviringo yasiyotoka.

Dawa ipo. Nunueni mikeka mizito ya kufunikia sakafu siku hiyohiyo mnaponunua sakafu, ikiwezekana na kigari cha kuiviringishia, kwa sababu mkeka usiobebeka hautatandikwa. Miguu yote ya viti na meza ivalishwe mpira. Spika ziwekwe juu ya mbao za plaiwudi. Pilau ipikwe nje na mkaa usivuke mlango. Keki isogezwe kwa kubebwa, maana meza ya keki ikiburutwa inachora mstari ambao hauko kwenye kitabu cha sheria za mchezo wowote. Na kwenye mkataba wa kukodi kuwe na amana ya sakafu inayorudishwa baada ya ukaguzi wa asubuhi, mwenye ukumbi na mwenyekiti wa kamati ya harusi wakitembea pamoja kwenye mwanga wa mchana. Wajomba watanung'unika. Wanung'unike, sakafu itabaki.

2. Yule mwenye ufagio

Nimemweka nafasi ya pili na angestahili ya kwanza. Udongo mwekundu wa Morogoro una chembe ngumu za mchanga, na chembe hizo zikiwa chini ya kiatu cha michezo ni msasa unaofanya kazi bure. Sakafu nyingi huuawa na mlango wake wazi. Wekeni mikeka ya kufutia miguu nje na ndani, mirefu kiasi kwamba mtu anapiga hatua kadhaa kabla hajaikanyaga sakafu. Viatu vya ndani viwe vya ndani. Aliyekuja navyo kutoka barabarani avue, awe mwanafunzi au diwani.

Kila asubuhi, fagio pana la vumbi, kwa mwelekeo mmoja, kutoka mwisho hadi mwisho. Mopu iwe imekamuliwa mpaka haidondoki. Ndoo ya maji isimwagwe juu ya mbao hata siku moja, iwe Idi au Krismasi. Na jamani, mafuta ya taa! Tumelelewa kuyatia kwenye maji ya kudekia ili siafu wakimbie na sakafu ing'ae. Kwenye ukumbi wa michezo yanaleta utelezi, na vanishi mpya haitashika juu yake. Nta nayo ni hivyohivyo.

Mbao zikitunzwa hivyo, mara moja kwa mwaka husuguliwa kidogo na kuongezwa vanishi, na msasa mzito wa kufika kwenye nyama ya mti husubiri miaka 10 hivi. Zisipotunzwa, msasa mzito utaitwa kila baada ya muda mfupi, na kila ukija unaondoka na unene wa ubao. Hesabu hiyo ikifanywa vizuri, mshahara wa mtunza ukumbi ndiyo bidhaa ya bei nafuu kuliko zote kwenye bajeti. Mwajirini kwa kudumu, mpeni vifaa, na neno lake kuhusu nani anaingia na kiatu gani liwe la mwisho.

1. Pete, na hapa sitanii

Ukitaka kujua ukumbi umejengwa kwa ajili ya nani, tafuta mistari ya pete. Huu ndio mchezo wa wasichana wa shule zetu, mchezo wa chama cha CHANETA na timu ya taifa, Taifa Queens, na ndio unaochorwa wa mwisho, kwa chaki, pale utakapotosha. Mara nyingi hautoshi, na sababu yake ni hesabu. Kiwanja cha kikapu na nafasi yake ya mita 2 kila upande kinahitaji mita 32 kwa 19, na wachoraji wengi wa ramani huishia hapo, wakiamini pete ni ndugu mdogo wa kikapu. Pete ni ndefu kuliko kikapu: mita 30.5 kwa 15.25. Ndani ya ukumbi wa mita 32 inabaki sentimita 75 kati ya mstari wa mwisho na ukuta. Mfungaji mwenye kasi anaingia ukutani. Kwa hiyo kiwanja kinapunguzwa, theluthi zinafinywa, nusu duara ya mita 4.9 inachorwa kwa makadirio, na mabinti wanafanya mazoezi kwenye kiwanja ambacho hawatakikuta popote watakapokwenda kushindana.

Pete iliyotulia, yenye nafasi ya mita 3.05 pande zote, inataka mita 36.6 kwa 21.35. Ukijenga ukumbi wa mita 44 kwa 22, wenye mita 7 zilizo wazi juu kwa ajili ya wavu, unapata mpira wa mikono, futsal, kikapu, wavu, vinyoya na pete, zote kwa vipimo vyake. Mashimo ya nguzo za wavu na za pete yawekwe kabla zege halijamwagwa, kwa vifuniko vinavyokaa sawa na sakafu, ili nguzo zisisimame kwa matofali.

Najua tambarare ni ghali. Kule Mgeta hata bustani ya kabichi hukatiwa ngazi mlimani, na mita za ziada kila upande zinamaanisha udongo mwingi wa kuhamisha. Zichimbwe. Ukuta ukishasimama, mstari hauwezi kuusogeza. Mwenyekiti, kabla hujaitia ramani sahihi, mwite mwalimu wa pete wa shule iliyo karibu nawe, mpe futi, muende pamoja kiwanjani mkapime.